Haya, Nimesikia

Watu wa muziki hawalijui jina nililopewa na wazazi wangu. Wao huniita Haya. Zamani nilikuwa Haya tu, siku hizi nimekula chumvi nimekuwa Mzee Haya, na wapo wanaoamini ndivyo nilivyoandikwa kwenye kitambulisho. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, hulivuta jina hilo mpaka likamwishia puani. "Wanaume wote hawa wenye aibu zao," husema, "jina wakaenda kumpa huyu mkavu wa macho." Tumetaniana hivyo miaka nenda rudi, na kila mara nimecheka, kwa sababu mtu akikutania ukanuna, anaanza kujiuliza umenunia nini.

Jina lenyewe lilitoka kwenye neno moja ambalo mke wangu alilisema kwenye kaseti. Nililikata, nikalitia kwenye muziki, na muziki huo ndio ulionilisha. Nimetengeneza muziki wa kucheza kwa miaka thelathini na mitatu, ule usiopigwa redioni, ule ambao anayeujua anaujua na asiyeujua hana habari nao. Katika miaka hiyo nimebadilisha mashine, vyumba, marafiki na mwendo wa ngoma. Neno hilo sikuliacha.

Binti yangu alikuja Jumanne asubuhi. Studio yangu ni chumba kimoja ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya mabomba, na kuta zake nimezibandika magodoro ya zamani na trei za mayai ili sauti isivuke kwa jirani. Nilimwona kabla ya kumsikia. Hapa niseme jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu: siku hizi kila mtu namwona kabla ya kumsikia. Ndiyo maana kiti changu kimeelekea mlangoni. Alikuwa amesimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu, mwingine juu ya tumbo lake la miezi sita, mabega yanapanda na kushuka. Alisimama hivyo muda mrefu kuliko ngazi zile zinavyostahili, na mimi nikajifanya natafuta waya.

"Ngazi zako hizi zitaniua, baba," alisema. Hilo nililipata kwa sababu alikuwa ananitazama usoni.

Nikamvutia kiti, nikampa maji. Alikunywa, akaweka kadi ya kliniki mezani, juu ya vitufe vyangu, kama hati ya mashtaka.

"Jana wameniuliza mama alikufa na nini."

"Uzazi," nikasema. "Si unajua."

"Nimewaambia uzazi. Wakasema uzazi siyo ugonjwa. Wamenisikiliza moyo mara tatu, baba, halafu wakaitana. Wanataka kujua kama kwetu kuna mtu aliyekuwa na shida ya moyo. Mwanamke mzima nimekaa pale sijui mama yangu alikuwa anaumwa nini."

"Hata mimi sijui, mwanangu."

"Mama mdogo anasema unajua." Alisema polepole, akinitazama. "Anasema mama akiwa kwao, baada ya kunizaa, alikutumia kaseti. Alimtoa yeye chumbani ndipo airekodi, na siku tatu nzima alikuwa anaishika na kuiweka. Anasema mambo yote ya hospitali yalikuwa humo, hakutaka kumwambia mtu mwingine. Na wewe ulimwambia mama umeisikiliza mpaka mwisho."

"Ilipotea," nikasema. "Tulipohama ile nyumba ya kwanza."

Uongo huo nilikuwa nimeusema mara nyingi kiasi kwamba ulitoka wenyewe, bila hata kuniomba ruhusa. Kaseti ilikuwa kwenye kopo la biskuti chini ya meza, karibu kabisa na goti lake.

"Itafute," akasema akiinuka. "Nitarudi Ijumaa."

Nilibaki pale nimekodolea kopo macho. Sasa lazima nieleze nilichomfanyia mama yake, na nitaeleza vibaya, maana jambo lenyewe halina upande mzuri wa kuanzia.

Enzi zile muziki wetu haukuwa na mahali. Kumbi zilitaka bendi zenye suti, sisi tulikuwa na mashine mbili na spika za kuungaunga. Fundi mmoja wa magari alikuwa na gereji yenye sakafu nzuri ya saruji. Jumamosi alisukuma magari nje, akaning'iniza mablanketi madirishani, na saa nane mchana ndani kukawa giza totoro. Watu walikuja na nguo za kazini. Walitoka saa kumi na mbili jua bado lipo, wakifikicha macho, wamelowa chapachapa, na wakarudi makwao kama watu waliotoka sokoni. Tuliliita disko la pazia. Mimi ndiye niliyekuwa natengeneza ngoma zake. Kila Jumamosi walitaka kitu kipya, na kama huna, kuna mwingine anacho.

Nilikuwa na mashine ya ngoma, na nyingine ndogo iliyoweza kumeza sauti ya sekunde mbili na kuitapika kila ukiibonyeza. Hiyo ya pili niliipenda kuliko inavyofaa mtu kupenda kitu. Mke wangu alikuwa akiiita mke mwenza. Alipokaribia kujifungua alikwenda kwao, kwa mama yake, na mimi nikabaki na mke mwenza.

Kaseti ililetwa na abiria mmoja aliyetoka kwao, imefungwa kwenye kitambaa. Watu wengi waliandikiana hivyo wakati huo. Nilijua mtoto amezaliwa, wa kike, na kwamba mama aliumwa kidogo baadaye akapata nafuu. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi. Nikaitia, nikabonyeza.

Kwanza kulikuwa na kiti kinachosogezwa. Halafu mlango. Halafu yeye, karibu kabisa na kinasa sauti: "Haya."

Sijui alikuwa anamjibu mdogo wake anayetoka au anajiambia mwenyewe aanze. Neno lilianza chini, likapanda, likaisha na pumzi kidogo, kama mtu anayejitwika ndoo. Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma, nikasikia tena. Nikarudisha tena. Nikaimezesha mashine, nikabonyeza juu ya ngoma niliyokuwa nimeshindwa nayo wiki nzima, na ngoma ikasimama kwa miguu yake. Nilicheza peke yangu chumbani kwa furaha. Saa nne nilikuwa bado sijasikia neno la pili la mke wangu. Nikajiambia nitasikiliza nikitoka gerejini.

Sasa nilihitaji kaseti tupu ya kurekodia ngoma ile ili niipeleke. Sikuwa nayo. Nilikwenda maduka matatu, hakuna. Nikarudi nikaitazama ile ya mke wangu.

Wanaokumbuka kaseti wanajua kwamba mgongoni zilikuwa na vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, mashine inakataa kurekodi juu yake. Kilichomo kinabaki salama. Mke wangu alikuwa amevivunja. Nadhani kwa ncha ya mkasi, maana plastiki ilichubuka pembeni. Alinijua. Alijua namna ninavyonyakua kaseti yoyote iliyo mbele yangu, akaifungia mlango. Na mimi nilifanya kile ambacho kila mtu wa kazi yetu alijua kukifanya. Nikatafuna kipande cha karatasi, nikaziba matundu kwa kidole gumba, nikabonyeza kitufe chekundu.

Ngoma zilikwenda dakika kumi na moja, umeme ukakatika. Nikasema zinatosha. Nikachomoa kaseti, nikakimbia nayo gerejini, ambako fundi alikuwa na jenereta.

Mchana ule, ngoma ziliponyamaza ghafla na sauti yake ikasema "Haya" gizani, na ngoma zikarudi, gereji nzima iliruka. Walinifanya nirudie mara tano. Walipotoka nje juani walikuwa wananiita hivyo, na kufikia Jumatatu hata muuza magazeti wa mtaani kwetu alikuwa ameshalipata jina.

Alirudi baada ya miezi miwili na mtoto mgongoni. Hakuuliza siku ya kwanza. Siku ya pili, nikiwa nimeinamia waya, akauliza, "Kaseti uliisikiliza?"

"Niliisikiliza."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Na lile la mwisho. Umenisikia?"

Ningeweza kusema ukweli. Mtu anadhani maisha yake yataharibiwa na jambo kubwa, akalikodolea macho hilo, kumbe yanaharibiwa akiwa ameinamia waya. Nilimwonea aibu. Nilidhani alikuwa ameomba kitu, nguo za mtoto au nipunguze kukaa gerejini, na kwamba angeomba tena.

"Nimesikia," nikasema.

Alishusha pumzi kwa nguvu hata nikainua kichwa. Uso wake ulikuwa umelegea, wa mtu aliyetua mzigo. Akaenda jikoni akiimba kitu. Hakuligusia tena jambo hilo, siku hiyo wala nyingine.

Baada ya miaka mitatu nilikuwa nimepanda chati. Disko la pazia lilikuwa limetoka gereji moja likawa gereji sita, na kote lilisema "Haya" kwa sauti ya mke wangu. Nilijiona. Jioni moja mtoto alikuwa anachezea vifuniko vya chupa peke yake sakafuni, nikamwambia mama yake, "Huyu anahitaji mwenzake. Tumtafutie mdogo wake."

Alinitazama. Nimeupitia mtazamo ule mara nyingi kuliko muziki wowote niliowahi kutengeneza. Niliuona ni mrefu, nikadhani anafikiria uchovu.

"Haya," akasema.

Nilifurahi. Nilifanya hata utani, nikamwambia hilo nalo nitalikatia wimbo wake. Hakucheka.

Alikufa mwezi wa nane wa mimba, na mtoto akafa naye, wa kiume. Kliniki alikuwa akienda mwenyewe. Mimi nilikuwa na kazi. Daktari alinitoa kwenye benchi la korido akaniambia moyo umeshindwa. Nilimwambia kila anayekufa moyo wake umeshindwa, aseme kingine kama anacho. Akanipa pole akaondoka, na mimi nikaendelea kumchukia kwa miaka, kwa sababu ilinipasa nimchukie mtu.

Baada ya hapo nilijifungia na kompyuta. Gereji zilikuwa zimechoka, vijana wapya wamehamia kwenye ghala lililoachwa la magunia, na walitaka mwendo wa kukimbia. Waliuita mbio. Ukipiga ngoma ya zamani walisimama mikono mfukoni wakakusubiri umalize. Basi nikaongeza mwendo, na neno nalo likaongezwa mwendo, likawa jembamba, likawa la kitoto. Nilifanya kazi na visikizi masikioni kuanzia asubuhi mpaka macho yaingie giza, sauti nimeifungulia mpaka mwisho, kwa sababu ikipungua niliweza kufikiri. Mtoto alilelewa na mama yake mdogo zaidi ya nilivyomlea mimi. Siku moja, ana miaka tisa, aliingia nikiwa nimechomoa visikizi, akasikia.

"Huyo mtoto ni nani?"

"Siyo mtoto. Ni mama yako."

Alicheka. Akasikiliza tena, akaacha kucheka. "Hivyo ndivyo alivyokuwa anaongea?"

"Hapana."

"Alikuwaje?"

Nilitaka kumwonyesha. Nikaitafuta ile sauti ya kwanza, kamili, nikakuta mashine ya zamani imekwisha kufa na chote kilichomo. Nilikuwa nimebaki na nakala za nakala. Nikamwambia nitamwonyesha siku nyingine, na yeye hakunikumbusha.

Mbio nayo ikafa. Kila kitu katika kazi hii hufa kikiwa na wafuasi wengi. Ghala likageuzwa maegesho, vijana wakaoa, na kwa miaka kadhaa nikawa natengeneza milio ya matangazo ya sabuni na viwanja. Halafu masikio yakaanza kuniaga. Yaliondoka kutoka juu kuja chini. Kwanza ndege. Kisha sufuria, kengele, herufi za kunong'ona zilizo kwenye maneno ya watu, mpaka maneno yakabaki mifupa. Nilijifunza kusoma midomo bila kufundishwa. Nikachanganya muziki kwa macho, nikitazama mawimbi kwenye skrini, na besi niliipima kwa kiganja juu ya meza.

Na hapa Mungu alinifanyia mzaha. Miaka mitano iliyopita kundi moja la vijana liliniomba wimbo. Matoazi sikuyasikia hata kidogo, nikayapandisha, nikayapandisha tena, nikawatumia. Nilitegemea matusi. Wakapiga simu, nikampa binti yangu apokee, akaniambia wanasema hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Watu walishika masikio wakicheza. Ikawa mtindo, una jina, unaitwa misumari, na sasa wote wanatengeneza hivyo, milio ya kukwaruza bati, na kwenye simu zao wameandika kwamba alianzisha Mzee Haya. Ndani yake mke wangu yumo pia. Wamemvuta na kumrefusha mpaka amekuwa mlio wa bawaba ya mlango. Hakuna anayejua kwamba ule ni mtu.

Kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza: na kaseti? Nilijua umeme ulikatika. Nilijua baada ya dakika kumi na moja za ngoma alikuwepo bado, na la mwisho lake lipo. Mwanzoni niliogopa kumsikia. Nilipoacha kuogopa, masikio yalikuwa yameondoka.

Ijumaa nilikuwa nimepanga kusema sikuipata. Nilifanya mazoezi mbele ya dirisha. Saa nne nikachungulia chini kwenye ngazi nione kama anakuja, nikamwona amekaa kwenye kidato cha ghorofa ya pili, kadi ya kliniki mapajani, mdomo wazi, akivuta hewa. Mpangaji mmoja alimruka akapita. Alikaa pale, akainuka, akapanda vidato vinne, akakaa tena. Nikarudi ndani nikatoa kopo.

"Nimeipata," nilimwambia alipofika.

Aliishika kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaona mgongoni. "Hizi karatasi ni za nini?"

"Zilikuwemo."

Redio kaseti ya zamani ninayo, naitunza. Akaitia mwenyewe. Ngoma zikaanza, nilizijua mezani kupitia kiganja. Alinitazama, mimi nikamwashiria asubiri. Dakika kumi na moja binti yangu alisikiliza ngoma zangu amekaa wima, mikono juu ya tumbo, na kila dakika uso wake ulizidi kuelewa. Alizitazama zile karatasi, ambazo sasa zilionekana kupitia kidirisha. Sijawahi kuchukia muziki wangu kama nilivyouchukia hapo.

Halafu meza ikatulia chini ya mkono wangu, na yeye akashtuka.

Nilisogeza kichwa mpaka sikio likagusa spika. Alikuwepo. Hilo sitalisahau, alikuwepo. Nilihisi kupanda na kushuka kwa sauti yake, pale alipositasita, pale alipovuta pumzi, yote kama mtu anayeongea nyumba ya pili, ukuta katikati. Nilijua ni yeye kwa wimbo wake. Neno hata moja sikulipata. Nikafumba macho nikajikaza, nikajikamua, nikamwomba Mungu sekunde mbili tu, kama ile mashine. Hakuna. Nikafumbua macho nikautazama uso wa mwanangu, maana kusoma nyuso ndiyo kazi niliyobaki nayo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Halafu yakaacha kutoka. Uso ukakauka, ukawa wa mtu nisiyemjua.

Akabonyeza, mashine ikasimama.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia," nikasema.

Naapa sikufikiri. Lilitoka tu.

"Na wakati ule ulisikia. Ulimwambia hivyo."

"Nilimwambia."

"Kwa hiyo ulijua." Alikuwa anaongea taratibu, midomo yake wazi kabisa, kila neno nililipata. "Ulijua ana moyo. Ulijua daktari amemkataza kuzaa tena. Amesema, 'Wameniambia nikibeba mwingine sitafika.' Amesema anaona haya kukuambia uso kwa uso, ndiyo maana anaiambia kaseti. Amesema, 'Nikirudi, mume wangu, usiniombe mtoto mwingine. Ukiniomba nitasema haya, unajua mimi siwezi kukukatalia. Kwa hiyo usiniombe. Kama umekubali niambie tu umesikia, yaishe.'" Akainyooshea redio kidole. "Ukamwambia umesikia. Halafu ukamwomba."

Niliona jikoni. Nilimwona akienda akiimba, amelegea, ametua mzigo. Niliuona ule mtazamo wa miaka mitatu baadaye, nikajua sasa aliona nini: mwanamume aliyeambiwa kila kitu, akakubali, na bado anaomba. Alidhani nimepima nikaamua. Akasema haya.

"Sikuisikiliza," nikasema. Sauti yangu sikuisikia vizuri, niliihisi kifuani. "Mwanangu, sikuwahi kuisikiliza. Nilichukua lile neno la kwanza. Nikarekodi ngoma juu yake. Karatasi niliziweka mimi. Sikujua."

"Sasa hivi umesema umesikia."

"Hata sasa hivi sikusikia."

Alinitazama kwa muda. Akachukua kadi ya kliniki, akaiinua, akajifunika nayo kutoka puani hadi kidevuni. Niliona macho yake yakinitazama juu ya kadi na shavu likisogea. Kisha akaishusha.

"Nimesema nini?"

"Sijui."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu. Nilidhani angelia, au angenitukana. Ningeshukuru angenitukana. Badala yake alitoa kaseti kwenye redio, akang'oa zile karatasi mbili kwa kucha, ngumu kama vipande vya mfupa baada ya miaka yote ile, akaziweka mezani mbele yangu. Kaseti akaitia mkobani pamoja na kadi.

"Nawapelekea hii kliniki," akasema. "Wao watamsikiliza."

Akaelekea mlangoni. Pale akasimama, mkono kwenye fremu, amenipa mgongo. Mabega yalipanda yakashuka, yakapanda yakashuka. Nikaona kwa kisogo na taya kwamba anaongea. Hayakuwa maneno mawili matatu. Aliongea kwa muda, akanyamaza kidogo, akaongeza kitu kifupi mwishoni. Kisha akasubiri, kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Nilijua neno ambalo lingemwondoa pale ametulia. Lilikuwa mdomoni, tayari.

"Sikusikia," nikasema. "Rudia, mwanangu. Geuka unitazame, urudie."

Hakugeuka. Niliuona mlango ukifungwa.